Nasaha na Deni: Juu ya Kufasiri "Should"

Katika madarasa ya Kiingereza hapa Tanga, mwalimu afikapo kwenye mlango wa kutoa nasaha, aghalabu huandika ubaoni "should", "ought to" na "must", na mkabala wake akaandika "unapaswa", "unatakiwa" na "lazima". Na mwanafunzi akatoka hapo akiamini kwamba kumshauri mtu na kumlazimisha ni jambo moja lililopishana ukali tu. Itikadi hiyo yaidhulumu lugha yetu.

Maneno hayo ya Kiingereza huitwa vitenzi saidizi, maana hutangulia kitenzi kingine kilicho katika umbo la kitenzi-jina, yaani kitenzi kisichotaja nafsi wala wakati, mfano wa "kwenda" na "kungoja" kwetu sisi. Asili ya mawili ya kwanza ni deni: "ought" ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi cha kumiliki na kuwiwa, na "should" yatokana na neno ambalo zamani nalo lilikuwa na maana ya kuwiwa. Mwingereza ampapo mwenziwe nasaha, kwa asili ya maneno yake, humkumbusha deni.

Sisi tulishika njia nyingine. "Heri" na "afadhali", yote mawili ya Kiarabu, hupima lililo jema na lililo bora, wala hayamdai mtu kitu; ilhali "budi" asili yake ni pa kuepukia, hata asiye na budi ni mtu asiye na pa kutokea. Baina ya mizani ile na mlango huu uliofungwa pana masafa marefu, na mfasiri asiyeyaona humfunga mtu aliyekuja kushauriwa.

Nakumbuka asubuhi moja ya kusi, ufukweni Sahare, mjomba wangu ameketi akitengeneza jarife, mwanawe akaja kumwamkia na kumwarifu kwamba ataka kutoka na ngalawa. Mjomba hakuinua macho kwenye sindano. "Heri ungoje upepo utulie, mwanangu." Kijana akaketi. Katika "ungoje" mna "u" imtajayo yule aambiwaye na "e" ya mwisho ibebayo matilaba yote, kazi ambayo Kiingereza huigawa baina ya kitenzi saidizi na kitenzi-jina. Wanasarufi huiita dhamira tegemezi; jina hilo halinikinaishi, kwani mtu akwambiapo "Ungoje", neno hilo limesimama peke yake wala halitegemei lolote.

Kwa hiyo "should" ya nasaha naifasiri kwa "heri", "afadhali" au "yafaa" pamoja na "e" hiyo, na "yakupasa" naiwekea "ought to", hasa penye deni la kweli, kama haki ya wazazi au ahadi. Na nasaha zenyewe si ngeni kwetu: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mwaka 1909, aliyewatungia watoto wake nasaha katika Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, alirithi mila ya wasia iliyokwisha komaa pwani hii tangu Mwana Kupona wa Pate alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858.

Kitenzi-jina nacho kina mahali pake kwetu, nako ni kwenye adabu. Jua lilipopanda siku ile, kijana hakumwambia babake "uhamie", sembuse "unapaswa". Aliificha nafsi kabisa, akasema, "Ingefaa kuhamia kivulini, baba," na mzee akakusanya jarife lake.