Usingizi na kumbukumbu ya watu kwa mtoto mwenye usonji

Jana mtoto alicheza vizuri na binamu yake. Leo anampita kama hamjui, na ndugu wanasema hana adabu. Mama, usimchape. Huenda anamkumbuka ila hajui namna ya kuonyesha. Huenda pia kumbukumbu haikukaa vizuri, na hapo usingizi unahusika.

Ubongo hufanya nini usiku?

Mtoto akilala, ubongo unaendelea na kazi. Sehemu iitwayo hipokampasi hurudia mambo ya mchana ili yahifadhiwe. Wanasayansi waliochunguza panya waliona kuwa chembe za ubongo zilizoamka panya alipokutana na mwenzake ziliamka tena alipolala. Zilipozuiwa kufanya hivyo, panya alishindwa kumtambua mwenzake.

Kwa binadamu, usingizi mzito huwa na mawimbi ya polepole ya umeme wa ubongo, pamoja na vipindi vifupi vya mawimbi ya haraka. Baadhi ya tafiti zimeona vipindi hivyo ni vichache kwa watoto wenye usonji. Aidha, zaidi ya nusu ya watoto hawa hupata shida ya usingizi.

Kukosa usingizi hakusababishi usonji, wala kulala vizuri hakuuponyi. Lakini mtoto aliyelala vya kutosha hujifunza kwa urahisi zaidi na hutulia.

Ufanye nini nyumbani?

- Mlaze na kumwamsha saa zilezile kila siku. Miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12.
- Zima simu na televisheni saa moja kabla ya kulala. Punguza mwanga na kelele.
- Usimpe chai ya majani wala soda jioni.
- Angalia kama nguo au shuka linamkera.
- Mchana, mwonyeshe picha za ndugu na walimu, ukitaja majina yao.

Mpeleke kituo cha afya iwapo:

- anakoroma na pumzi inakatika;
- anakakamaa au kutetemeka usingizini, kwani kifafa huwapata zaidi watoto wenye usonji;
- haboreki baada ya wiki kadhaa.

Usimpe dawa ya mafua, ya kikohozi au ya usingizi ili alale bila ushauri wa daktari. Andika saa anazolala na kuamka kwa wiki mbili, uende na daftari hilo kliniki. Litatusaidia sana kumhudumia.