Layla: Mateso ya Mmoja, Kazi ya Wengi

Wimbo wa "Layla", uliorekodiwa mwaka 1970 mjini Miami, Marekani, na bendi ya Derek and the Dominos, huhesabiwa miongoni mwa nyimbo kuu za roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme uliochipuka Marekani katika miaka ya 1950 na kushamiri Uingereza katika muongo uliofuata. Mara nyingi historia yake husimuliwa kama habari ya mpiga gitaa mmoja, Eric Clapton, aliyempenda mke wa rafiki yake na kuyamwaga machungu yake katika wimbo. Hata hivyo, namna wimbo huo ulivyotungwa inaonyesha kwamba uchungu wa moyo peke yake hauzai wimbo, na kwamba "Layla" ulipata uhai pale mateso ya mtu mmoja yalipokutana na hadithi ya kale na ufundi wa watu wengi.

Clapton, aliyezaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Ripley, Uingereza, alikuwa amekwisha kupata sifa katika bendi ya Cream alipojenga urafiki wa karibu na George Harrison wa bendi ya Beatles. Harrison alikuwa amemwoa Pattie Boyd mwaka 1966, mwanamitindo aliyeishi Kenya kwa miaka kadhaa ya utoto wake, na kadiri Clapton alivyozoeana na nyumba hiyo ndivyo alivyozidi kumpenda mwanamke ambaye hakuweza kumposa wala kumsahau bila kumsaliti rafiki au kuusaliti moyo wake mwenyewe.

Katika hali hiyo alipewa na Ian Dallas, mwandishi wa Kiskoti aliyekuwa amesilimu, kitabu cha Nizami, mshairi wa karne ya 12 kutoka Ganja katika Azerbaijan ya leo, aliyeisimulia kwa Kiajemi hadithi ya Kiarabu ya Laila na Majnun. Ni hadithi ya Qays, kijana aliyempenda Laila hadharani mno hata baba wa binti akakataa posa yake na kumwoza mtu mwingine, naye Qays akakimbilia nyikani na kuitwa Majnun, maana yake aliyepagawa. Clapton alijiona katika kisa hicho, akaazima jina la Laila ili asimtaje Pattie. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Pattie mwenyewe ameeleza kwamba alipousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza aliingiwa na hofu kuwa kila mtu atajua nani anayekusudiwa.

Wimbo ulipofika katika studio za Criteria, chini ya mtayarishaji Tom Dowd, ulikuwa bado wa polepole na wa majonzi. Aliyeugeuza ni Duane Allman, mpiga gitaa kijana wa Allman Brothers Band, ambaye Clapton alimwona akitumbuiza Miami mwezi Agosti na kumwalika studioni. Allman alichukua lahani kutoka wimbo wa Albert King, msanii wa bluzi, yaani muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, akaiharakisha ikawa kifungu kifupi cha noti kinachojirudia na kuufungua wimbo kama kilio. Juu yake alipiga gitaa kwa kutelezesha kwenye nyuzi kichupa cha kioo cha dawa ya mafua alichokivaa kidoleni, mtindo unaoziruhusu noti kupanda na kuvutika mithili ya sauti ya mtu anayelia.

Sehemu ya pili ya wimbo, ambamo piano inatulia baada ya dhoruba ya magitaa, ililetwa na mpiga ngoma Jim Gordon na kuunganishwa baadaye. Mwimbaji Rita Coolidge, aliyekuwa mpenzi wa Gordon, amesema kwamba alishiriki kuitunga lahani hiyo, na Bobby Whitlock, mpiga kinanda wa bendi, aliunga mkono kauli yake; hata hivyo waliotajwa kuwa watunzi ni Clapton na Gordon tu.

Albamu yenye wimbo huo ilipotoka Novemba 1970 haikupokewa kwa shangwe, kwa kuwa wengi hawakujua kwamba Derek ndiye Clapton. Mwaka 1971 bendi ilivunjika, Allman akafa kwa ajali ya pikipiki, na Clapton akajifungia nyumbani kwa uraibu wa heroini. Ni mwaka 1972, wimbo ulipotolewa upya, ndipo ulipofika nafasi ya 10 Marekani na ya 7 Uingereza. Clapton na Pattie walioana mwaka 1979 na kuachana kabla ya muongo uliofuata kwisha, hivyo ndoa iliyotamaniwa kwa nguvu zote hizo ikapita, ilhali wimbo ukabaki na mwaka 1993 ukapata tuzo ya Grammy kwa toleo la magitaa yasiyo ya umeme.

Katika albamu hiyohiyo Nizami, aliyefariki karne nyingi kabla, alitajwa rasmi kuwa mtunzi mwenza wa wimbo mwingine, "I Am Yours", ilhali Coolidge aliyekuwa hai hakutajwa popote, wala Allman hakuhesabiwa mtunzi wa "Layla". Mwanahistoria anayemsifu mwenye kuteseka peke yake huirudia dhuluma hiyo, kwa sababu moyo uliovunjika ulikuwa wa Clapton, lakini sauti iliyoufanya usikike ilikuwa mali ya wote waliokuwamo.