Deli Lililodhaniwa la Samaki

Kabla ya lami, basi la Iringa kwenda Dodoma lilifika Mtera na vumbi hadi kwenye kope za konda. Mimi, mhudumu wa zahanati, nilimkabidhi deli la kwenda maabara: ndani makopo ya makohozi, kila moja limekazwa kifuniko, likavishwa mfuko, likazungushiwa pamba ya kunyonya endapo litavuja. Siku moja utingo akalipanga kati ya matenga ya perege. Hapa kwenye Bwawa la Mtera, deli ni samaki tu! Lilifika limelala ubavu, makopo mawili matupu, pamba imelowa chapachapa. Wagonjwa wakakohoa upya.

Kwenye sampuli za damu, tuliokolewa na karatasi. Mmarekani Robert Guthrie alionyesha miaka ya 1960 kwamba tone la kisigino cha kichanga, likikaushwa kwenye karatasi, laweza kupimwa mbali. Kwetu ilikuja na kipimo cha VVU cha watoto wachanga: matone yakauke kivulini bila kuguswa, kisha yaingie bahashani pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Jua la Mtera linashawishi, ila huharibu sampuli. Hapo hakuna barafu wala cha kumwagika. Inasafiri kama barua. Makonda, mkiona deli lina jina la maabara, ulizeni kwanza.