Nafasi Yao Ilikuwa Harusini

Katika harusi za Mombasa za miaka ya 1970, mashoga walikuwa na kazi yao. Walipiga ngoma na kuimba katika shughuli za wanawake, mahali ambapo wanaume wengine hawakuingia. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, aliyeandika habari zao mwaka 1987, aliona kwamba mjini humo hadhi ya mtu ilipimwa kwa cheo na mali kuliko kwa anayelala naye.

Waliokulia enzi hizo wana haki ya kuukumbuka uvumilivu ule, lakini usipambwe. Ulimtaka mtu ajisitiri. Tajiri mwenye mke na watoto alilindwa na jina lake. Aliyejulikana kwa mwendo na mavazi alibeba dhihaka peke yake. Na sheria ilikuwapo muda wote: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Waingereza, kinachoweza kumfunga miaka 14 mwanamume aliyelala na mwanamume.

Kisha mji ukatanuka nje ya Mji wa Kale: daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, Kisauni ilizidi kujaa. Changamwe ilivuta wafanyakazi wa bandari na wa kiwanda cha kusafishia mafuta, Likoni wapangaji wanaovuka kwa feri kila alfajiri. Katika nyumba za kupanga jirani huenda asiwe jamaa, wala hakukujua tangu utotoni. Stara ya Mji wa Kale haikuhamia huko kirahisi.

Tarehe 12 Februari 2010 tetesi za harusi, safari hii ya wanaume wawili, ziliwasha moto Mtwapa, kaskazini mwa Kisauni. Umati ulikizingira kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na walioshukiwa kuwa mashoga wakashambuliwa. Shughuli iliyowapa wazee nafasi ikawa sababu ya vijana kupigwa.

Vijana wakajifunza kudai haki zao. PEMA Kenya, shirika la Mombasa, lilikaa na viongozi wa dini, na mwaka 2015 likatoa pamoja na Human Rights Watch ripoti ya mashambulizi kama hayo Pwani. Mwaka huohuo wanaume wawili walioshukiwa kuwa mashoga walikamatwa Ukunda, kusini mwa Likoni, wakalazimishwa kupimwa miili yao hospitalini Mombasa. Mahakama Kuu iliruhusu vipimo hivyo. Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, ikaviharamisha. Huo ni ushindi mkubwa, kwa kuwa aibu ile wazee wasingethubutu kuipeleka mbele ya jaji.

Mei 2019 Mahakama Kuu ilikiacha kifungu cha 162 kilivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao. Septemba mamia wakaandamana Mombasa kuipinga hukumu hiyo, na kijana shoga wa Changamwe anaishi mtaa mmoja na walioandamana.