Moto shuleni na chekechea: sheria inataka nini, mzazi akague nini

Muhula ukianza, mzazi huuliza karo, sare, vitabu na gari la kumbeba mtoto. Ni wachache wanaouliza mlango wa bweni unafunguka upande gani, au ufunguo wa kufuli hukaa na nani usiku. Ilhali katika mikasa mikubwa ya moto shuleni hapa nchini, mlango, kufuli na vyuma vya madirisha ndivyo vilivyoamua nani atoke na nani abaki ndani.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Machi 1998, wasichana 26 waliungua bwenini katika shule ya upili ya wasichana ya Bombolulu, pande za Mazeras. Ilikuwa usiku, mlango umefungwa, madirisha yana vyuma. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Huko nako mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls jijini Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya msingi waliangamia katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ndani ya bweni la mbao na mabati lililokuwa likilaza watoto zaidi ya 150. Baada ya msiba huo serikali iliamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 za msingi.

Tukishazika, husema ajali haina kinga. Kwa moto wa shule, kinga ipo, imeandikwa, na nyingi kati ya hizo si za gharama kubwa. Makala haya yanaeleza kanuni zenyewe, na mambo ambayo mzazi, mwalimu au mwanakamati anaweza kuyakagua kwa macho yake.

Sheria iko wapi

Mwongozo mkuu ni ule wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Ndio unaotaja vipimo vya mabweni, madarasa na milango. Pamoja nao iko Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Hii ya mwisho inahusu kila mahali ambapo watu wanafanya kazi, na shule, chekechea na madrasa yenye walimu ni mahali pa kazi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007 zinataka zoezi la kuhama jengo lifanywe angalau mara moja kwa mwaka, na mahali pakaguliwe kuhusu moto kila mwaka.

Jambo ambalo wengi hawalijui limo katika Jedwali la Nne la Katiba. Elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto ni kazi ya serikali ya kaunti. Zimamoto na kukabili majanga ni kazi ya kaunti pia. Kwa hivyo kwa mtoto wa chekechea, anayesimamia darasa lake na anayemiliki gari la zimamoto ni mtu mmoja. Ukienda kuuliza katika ofisi ya kaunti, usikubali kuambiwa nenda Nairobi.

Bweni

Mwongozo wa 2008 unataka haya:

- Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita katikati isipungue mita 2.
- Mlango uwe na upana wa futi 5 angalau, ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani.
- Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mlango wa dharura katikati ulioandikwa wazi.
- Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi.
- Kuwe na vifaa vya kuzima moto vinavyofanya kazi na king'ora mahali panapofikika.

Mlango unafunguka nje kwa sababu maalum. Watoto mia wakiukimbilia mlango unaofunguka ndani, wa nyuma huwasukuma wa mbele, na wa mbele hana tena nafasi ya kuuvuta. Mlango ule ule, bawaba zikigeuzwa, hufunguka kwa msukumo wao wenyewe. Ni kazi ya seremala ya siku moja.

Nafasi kati ya vitanda nayo ina sababu. Magodoro ya sponji hushika moto haraka na kutoa moshi mzito wenye sumu. Wengi wanaokufa katika moto wa usiku humalizwa na moshi kabla ya mwali kuwafikia. Vitanda vikibanana, moto hupita kutoka godoro moja hadi jingine, na anayetafuta njia gizani hukwama.

Darasa na ghorofa

Darasa nalo linatakiwa liwe na mlango unaofunguka nje, usiofungwa wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiyo na vyuma. Jengo la ghorofa linatakiwa liwe na ngazi pana kila mwisho, zenye mahali pa kushika. Ngazi moja haitoshi, kwa kuwa moto ukianzia chini yake walio juu hawana pa kupita. Na ngazi ya pili iliyojazwa madawati mabovu na magunia ya mahindi si ngazi.

Chekechea na madrasa

Hapa ndipo penye shaka kubwa katika miji yetu. Chekechea nyingi ziko katika nyumba za kupanga, zilizojengwa kwa ajili ya familia moja: mlango mmoja wa mbele, vyuma kila dirisha, jiko karibu na chumba cha watoto. Madrasa nyingi huendeshwa na kamati ya msikiti au na mwalimu mwenyewe kwake, wakati mwingine ghorofani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mji wa Lamu, nyumba za mawe zina ngazi nyembamba, dari za boriti na mlango mmoja mzito, na vichochoro vyake havipitishi gari la zimamoto. Mahali kama hapo, watoto lazima wawe wameshatoka kabla ya msaada kufika.

Kwa watoto wadogo, mambo haya ni ya lazima hata kama hakuna afisa aliyekuja kukagua:

- Watoto wa chekechea wakae chini, wala si ghorofani. Mtoto wa miaka minne hashuki ngazi yenye moshi peke yake.
- Chumba kiwe na njia mbili za kutoka. Kama mlango ni mmoja, dirisha moja liondolewe vyuma na liwe la kufikika.
- Wakati wote wawepo watu wazima wawili angalau, mmoja wa kutangulia na mmoja wa kufuata nyuma.
- Orodha ya walioingia siku hiyo iwe karibu na mlango, itoke pamoja na watoto.
- Mtoto mwenye ulemavu awe na mtu mzima aliyetajwa kwa jina wa kumtoa.

Mtoto mdogo akiogopa hakimbii nje. Hujificha chini ya kitanda, kabatini, nyuma ya pazia. Mwalimu anayejua hilo huangalia pembe zote kabla ya kutoka, ikiwa moshi unamruhusu.

Makuti yanataka tahadhari yake. Ni mazuri kwa joto letu, lakini wakati wa kaskazi yamekauka, na cheche moja yatosha. Darasa la makuti liwe wazi pande mbili au zaidi, jiko liwe mbali nalo upande usiopeleka moshi na cheche juu yake, na taka zisichomwe uani.

Suala la vyuma

Mwalimu mkuu atakuambia: nikitoa vyuma, wezi wataingia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana wezi wapo. Lakini kinacholindwa hasa ni kompyuta, magodoro na chakula, na hivyo vinaweza kuwekwa katika chumba kimoja chenye vyuma ambacho hakilali mtoto. Wanapolala au kukaa watoto, mlinzi na taa za nje ndizo za kutumainiwa. Na nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe amekataa vyuma visitolewe kabisa, fundi anaweza kuvikata na kuvitia bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Hilo halifikii kiwango cha mwongozo, ila ni afadhali kuliko dirisha lisilotoka mtu.

Kuhusu kufuli la usiku, wapo wanaolitia ili wanafunzi wasitoroke. Anayeogopa watoto kutoroka na aweke mlezi wa kulala jirani na bweni.

Jikoni na umeme

Mitungi ya gesi ikae nje ya jengo, imesimama, penye hewa, na mpira wake ubadilishwe ukianza kupasuka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda chini sakafuni. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto kwenye karai, usiyamwagie maji, yatarusha mwali. Zima jiko na ufunike kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto.

Bwenini, hatari ni waya zilizounganishwa kiholela kwa ajili ya kuchaji simu, pasi, mishumaa, koroboi, na dawa ya mbu ya kuchoma iliyowekwa karibu na chandarua. Hizo zote zina njia ya kuepukwa bila gharama, mlezi akipita kila usiku.

Mitungi ya kuzima moto

Kuwa na mtungi mwekundu ukutani hakutoshi. Mtungi wa maji ni wa mbao, karatasi na nguo. Usitumiwe kwa umeme wala mafuta. Mtungi wa poda kavu hufaa kwa moto wa aina nyingi. Ule wa kabonidayoksaidi hufaa kwa vifaa vya umeme. Angalia kibandiko cha mara ya mwisho kukaguliwa, na mshale kwenye kipimo uwe kwenye rangi ya kijani. Ndoo za mchanga zisigeuzwe kuwa za kutupia taka.

Kuutumia: vuta pini, elekeza mdomo wake chini mahali moto unapoanzia, bana mkono, pepeta huku na huku. Hautoi hata dakika moja. Ni wa moto mdogo tu. Moto ukishafika darini, acha mtungi, toa watu.

Zoezi

Sheria yataka mara moja kwa mwaka. Kwa watoto, mara moja kila muhula ni bora, na kwa bweni lifanywe usiku mara moja, kwa sababu moto mkubwa umekuwa ukizuka watoto wamelala. Pigeni kengele, tokeni, kutaneni mahali pamoja panapojulikana, iteni majina, andikeni mmechukua dakika ngapi. Zoezi la kwanza huonyesha makosa yote: kufuli lisilo na ufunguo, kengele isiyosikika, mtoto aliyesahaulika chooni.

Moto ukitokea

Piga kelele na kengele, toa watoto, kisha piga 999 au 112. Penye moshi tembeeni mkiwa mmeinama au mkitambaa, hewa nzuri iko chini. Mlango ukiwa wa moto ukiugusa kwa mgongo wa mkono, usiufungue, tafuta njia nyingine. Nguo ikishika moto, lala chini ugaegae. Hesabuni watu nje, wala mtu asirudi kuchukua vitu.

Aliyeungua mwagieni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Msimpake dawa ya meno, mafuta, asali wala barafu. Nguo iliyoganda mwilini isivutwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa karo

1. Milango ya bweni na darasa inafunguka nje? Nionyesheni.
2. Nani ana ufunguo usiku, na analala wapi?
3. Madirisha gani hayana vyuma?
4. Zoezi la mwisho la moto lilifanywa lini?
5. Mitungi ilikaguliwa lini, na mwalimu gani amefunzwa kuitumia?
6. Ripoti ya afisa wa afya ya umma na ya ukaguzi wa moto iko wapi?

Shule nzuri haitaudhika. Ikikataa kujibu, mzazi ana pa kwenda: halmashauri ya shule, afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na kwa chekechea, idara ya elimu ya kaunti. Andika barua, ubaki na nakala. Wazazi wa Kyanguli walikaa miaka mingi mahakamani, na ni mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ilipoamuru walipwe fidia. Hakuna hata mmoja wao aliyerudishiwa mwanawe.

Muhula ujao, ukimpeleka mtoto, ingia bwenini. Usukume mlango kwa mkono wako mwenyewe, uone unafunguka upande gani.