Treni ya sumaku: Kasi isiyogusa reli

MSAFIRI wa Tiwi anayetaka kwenda Nairobi kwa treni sharti kwanza afike stesheni ya Miritini, ama kwa kuvuka feri ya Likoni, ama kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024. Kutoka hapo reli ya kisasa (SGR), iliyozinduliwa Mei 31, 2017, humfikisha Nairobi, umbali wa kilomita 472 hivi, kwa saa tano au zaidi. Treni inayoelea kwa nguvu za sumaku, ikikimbia kilomita 500 kwa saa, ingeumaliza mwendo huo kwa takriban saa moja.

Treni hiyo huondoa msuguano wa gurudumu na chuma. Ncha za sumaku zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Wajerumani walitumia mvutano: sumaku za umeme zilizofungwa chini ya behewa huvutwa kuelekea njia, huku mitambo ikilinda mwanya wa takriban sentimita moja. Wajapani hutumia sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ambamo umeme hupita bila kizuizi. Treni yao huanza kwa magurudumu ya mpira, na inapofikia kilomita 150 hivi kwa saa huinuka takriban sentimita 10. Nguvu ya kuisukuma mbele hutoka kwenye koili za umeme zilizopangwa njiani.

Na hapo ndipo penye gharama. Kila mita ya njia ni sehemu ya mtambo, wala treni hiyo haiwezi kutumia reli iliyopo. Njia ya Shanghai, ya teknolojia ya Kijerumani, inayobeba abiria tangu 2004, ina kilomita 30 tu. Wajapani walifikia kilomita 603 kwa saa katika majaribio Aprili 21, 2015, lakini lengo la kuunganisha Tokyo na Nagoya ifikapo 2027 liliachwa.

Kwa Kenya kuna hesabu nyingine. SGR ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa China, na tegemeo la kuulipa ni makontena ya bandari ya Mombasa, ilhali treni ya sumaku huundwa kwa ajili ya abiria. Tanzania ilichagua kasi ya wastani: treni za umeme za kilomita 160 kwa saa, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024.

Ng'ambo ya Likoni, kutoka Waa na Tiwi hadi Msambweni, hakuna reli ya aina yoyote.