Mzee wa Baraza na Haki ya Mshtakiwa

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa kumtahadharisha mtu juu ya minong'ono ya mtaani, lakini haina nafasi mahakamani. Huko lisemwalo ni tuhuma tu, na tuhuma si ushahidi. Katika insha hii tutatazama jinsi kanuni hiyo ilivyojengeka, na jinsi raia wa kawaida walivyokabidhiwa kuilinda.

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliamuru kwamba misingi ya sheria ya Kiingereza itumike Tanganyika. Kwa hiyo hatuna budi kuanzia Uingereza, ambako raia kumi na wawili walikaa barazani na kuamua wenyewe kama mshtakiwa ana hatia. Uhuru wao haukupatikana bure. Mwaka 1670, mjini London, wazee wa baraza walikataa kuwatia hatiani wahubiri wawili, William Penn na William Mead. Walifungiwa bila chakula wala maji, kisha wakatozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa, akatiwa gerezani. Jaji Mkuu Vaughan aliamua kwamba mzee wa baraza haadhibiwi kwa sababu ya uamuzi wake.

Jambo la pili lilidhihirika mwaka 1935. Kijana wa miaka 21, Reginald Woolmington, alishtakiwa kwa kumwua mkewe kwa bunduki. Yeye alisema kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Baraza la kwanza halikuafikiana. Katika kesi ya pili jaji aliwaambia wazee kwamba ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa hakukusudia kuua, nao wakamtia hatiani. Mahakama ya juu kabisa ilitengua hukumu hiyo. Lord Sankey alieleza kwamba ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia, na shaka ya maana ikibaki, mshtakiwa aachiliwe. Kijana yule aliokoka kitanzi.

Wakoloni hawakutuletea baraza la namna hiyo. Nchini Kenya ni Wazungu tu waliopewa haki ya kuhukumiwa na baraza la wenzao. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na washauri, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Ndivyo Dedan Kimathi alivyohukumiwa Nyeri mwaka 1956.

Baada ya Uhuru, Tanzania iliwaongezea wazee uzito katika mahakama za mwanzo. Sheria ya 1984 iliagiza hakimu akae na washauri wasiopungua wawili, na uamuzi ufuate kauli ya walio wengi. Mwaka huohuo haki za raia ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika.

Je, wajibu wa mzee wa baraza ni upi? Kwanza, asikilize pande zote mbili hadi mwisho. Pili, ayaache nje ya mlango yale aliyoyasikia sokoni au kilabuni. Tatu, ajitoe mapema ikiwa mshtakiwa au mlalamikaji ni ndugu, jirani au hasimu wake. Nne, aseme analoliamini, hata kama kijiji kizima kimekasirika. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Mtu kuonekana karibu na zizi usiku hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeiba ng'ombe.

Nafasi ya wazee hao imepungua. Kenya iliwaondoa mwaka 2007, na tangu 2022 Mahakama Kuu ya Tanzania bara hukaa nao ikiona inafaa tu. Lakini kanuni waliyoilinda haikuondoka pamoja nao. Kila unapopigwa ukelele wa "Mwizi!" na watu wakaokota mawe, sisi sote huwa tumefanywa wazee wa baraza, bila hakimu, bila shahidi, na bila muda wa kuuliza. Anayeuawa hapo hana pa kukata rufaa. Ndiyo maana yatupasa kuwafundisha vijana wetu kumzuia mtuhumiwa, kumkabidhi kwa vyombo vya sheria, na kusubiri ushahidi usemwe.